Mutoto anayezuriwa na maziwa: tumulishe nini?

Katika koperative zetu za wafugaji, maziwa njo chakula cha kwanza tunachowazia mutoto. Lakini kuna watoto ambao mwili wao unayakataa: wakikunywa, wanatoka upele, midomo inavimba, wanatapika ao wanahara.

Wengi wetu tunajaribu maziwa ya mbuzi. Tusifanye hivyo: yanafanana sana na ya ng'ombe. Kuyachemsha hakutoshi. Mashanza na fromaji pia ni maziwa.

Lakini tusiondoe maziwa bila kuweka kitu mahali pake, juu mutoto anaweza kupata bwaki. Tuulize kwanza muganga, kisha tumupe:

- Titi la mama, mpaka miaka 2 ao zaidi.
- Uji wenye unga wa soya iliyokaangwa.
- Ndagala ao sambaza kavu, zitwangwe pamoja na mifupa yake. Ile njo inakomaza mifupa ya mutoto.
- Maharagwe yaliyopondwa, yai, avoka, sombe yenye mawese.

Chakula kipya tuanze nacho kidogo, kimoja kimoja. Mutoto akipumua kwa shida, tusingoje kesho: tumupeleke kituo cha afya palepale.