RANGI ZA VYAKULA NA VINYWAJI KWA WENYE STOMA: JE, NI DAMU AU NI JUISI TU?

Somo la leo wengi hulionea haya, lakini maradhi hayana haya. Tutazungumzia watu waliofanyiwa upasuaji na sasa wanajisaidia kupitia tundu la tumboni, haja ikiingia kwenye mfuko. Tundu hilo huitwa stoma. Kama si wewe, huenda ni mzazi wako, mwenzio au jirani yako, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

KWANZA TUELEWANE
Stoma ziko za aina tatu:
1. Kolostomi: inatoka kwenye utumbo mpana. Haja huwa nzito kidogo au ya kawaida.
2. Ileostomi: inatoka mwisho wa utumbo mwembamba. Haja huwa majimaji au uji, tena hutoka mara nyingi.
3. Urostomi: ni njia ya mkojo. Kuona ute mweupe ndani ya mkojo huo ni kawaida.

Mwenye stoma anaona kila kinachotoka. Asiye nayo huvuta maji ya choo akaenda zake, lakini wewe mfuko uko mbele ya macho yako, pengine ni wa plastiki ya kuonyesha. Ndiyo maana rangi ngeni humtia mtu hofu. Wapo wanaokimbilia chumba cha dharura usiku, baadaye inaletwa bili kubwa, kumbe ilikuwa sharubati! Na wapo wanaosema "ah, ni juisi tu", kumbe ni damu. Makosa yote mawili ni mabaya, na la pili linaweza kuua.

KWA NINI RANGI HUTOKEA?
Chakula kikipita utumbo wote, nyongo na bakteria wa utumbo mpana hukigeuza kuwa kahawia. Mwenye ileostomi hapitishi chakula kwenye utumbo mpana, kwa hiyo rangi hutoka karibu kama ilivyoingia, tena baada ya saa chache tu. Mwenye kolostomi huenda akaiona kesho yake au keshokutwa. Haja ya ileostomi yenye rangi ya kijani au njano si ugonjwa, ni nyongo ambayo haijabadilika.

RANGI NA CHANZO CHAKE
* NYEKUNDU: bitiruti, jeli nyekundu, Kool-Aid nyekundu, Vimto ya futari, ubuyu wa Zanzibar uliotiwa rangi, rozela, chipsi za pilipili zenye unga mwekundu. Maganda ya nyanya hutoka vipande vipande, na kwa haraka huonekana kama damu.
* RANGI YA MACHUNGWA AU NJANO: karoti, manjano, rangi ya biriani, soda ya machungwa.
* KIJANI: mchicha (lengalenga), kisamvu (sombe), sukuma wiki. Pia keki ya birthday yenye krimu ya buluu au zambarau. Usishangae, buluu ikichanganyika na nyongo ya njano huwa kijani.
* NYEUSI: vidonge vya kuongeza damu, dawa ya tumbo Pepto-Bismol, pipi nyeusi za likorisi.

Kwa mwenye urostomi, bitiruti inaweza kuufanya mkojo uwe wa waridi. Vitamini B huufanya njano kali. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu ambayo wageni wengi hupewa baada ya kupimwa hapa Marekani, hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya machungwa iliyokolea. Hilo si dhara. USIACHE DAWA kwa sababu ya rangi! Ila mkojo au mfuko ukigeuka zambarau, mara nyingi ni dalili ya bakteria. Mpigie daktari.

SOMA LEBO
Viwanda hapa Marekani hulazimika kutaja rangi za kutengenezwa kwa majina yake: Red 40, Yellow 5, Yellow 6, Blue 1. Ukiona jina na namba kama hizo, jua kinywaji hicho kinaweza kupaka mfuko wako rangi. Januari 2025 serikali kupitia FDA ilifuta ruhusa ya Red 3 katika chakula, na viwanda vikapewa mpaka Januari 2027 kuiondoa. Lakini hata rangi za asili kama bitiruti hutokea mfukoni vilevile.

Angalia na sukari. Juisi na soda zenye sukari nyingi huvuta maji kwenye utumbo, na mwenye ileostomi huharisha zaidi. Ukipungukiwa maji, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hupatii rangi wala gharama.

NITAJUAJE KAMA NI DAMU? Jiulize haya:
1. Nimekula au kunywa nini jana na leo? Weka daftari dogo jikoni, andika chakula, dawa na saa.
2. Rangi imeenea sawasawa? Rangi ya chakula kwa kawaida huenea kote. Damu huonekana kama michirizi au mabonge.
3. Damu inatoka wapi? Ukifuta stoma kwa kitambaa na kuona tone dogo juu ya ngozi yake, si ajabu, kwani stoma ina mishipa mingi midogo kama ufizi. Bonyeza taratibu, itakata. Damu inayotoka NDANI ya tundu ni jambo jingine.
4. Nikiacha chakula kile, rangi inakwisha? Kwa ileostomi ipe siku 1, kwa kolostomi siku 2 au 3. Lakini subiri tu kama huna dalili nyingine na una hakika ulikula kitu cha rangi hiyo. Ukiwa na shaka, usikisie. Kliniki wana kipimo kidogo cha kutafuta damu katika haja.

USISUBIRI, PIGA 911 AU NENDA HOSPITALI:
- Damu inatoka ndani ya stoma, au inatoka juu yake na haikati ukibonyeza.
- Haja nyeusi kama lami, inanata na kunuka vibaya, nawe hujameza dawa ya kuigeuza nyeusi.
- Stoma yenyewe imegeuka zambarau, kahawia au nyeusi. Stoma nzima huwa nyekundu au ya waridi, yenye unyevu kama ndani ya shavu.
- Ileostomi haijatoa kitu saa 4 hadi 6, na tumbo linasokota au unatapika.
- Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, homa kali.

Haja nyeupe au ya kijivu kama udongo wa mfinyanzi nayo ni ya kumpigia daktari siku hiyohiyo, maana nyongo huenda imezibwa njia.

UKIENDA KWA DAKTARI
Chukua daftari lako na chupa za dawa. Omba mkalimani wa Kiswahili, tena sema kama Kiswahili chako ni cha Kongo au cha pwani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kukupa mkalimani bila malipo. Usimtume mtoto wa miaka 10 atafsiri habari za damu na choo. Ukiandaliwa kwa kipimo cha kuangalia utumbo kwa kamera, utaambiwa usinywe kitu chekundu wala cha zambarau. Sababu ni hii hii, hata daktari anaweza kudhani ni damu.

Uliza pia kama kuna muuguzi wa stoma. Taaluma hiyo ilianzia Ohio! Norma Gill wa Akron, aliyekuwa na ileostomi mwenyewe, alianza kuwasaidia wagonjwa katika Cleveland Clinic mwaka 1958 pamoja na daktari wa upasuaji Rupert Turnbull, na shule ya kwanza ya kazi hiyo ikafunguliwa hapo 1961. Mtu mwenye mfuko ndiye aliyewafundisha wengine.

Basi ndugu yangu, kula biriani yako, na siku ya Idi au birthday onja keki. Ila kumbuka ulichokula, tazama mfuko wako bila hofu, na usifiche damu kwa sababu ya aibu. Mficha uchi hazai.