Chuo Kikuu Kiko Jirani Yako: Unanufaikaje Nacho?

Muulize mkazi wa Morogoro Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kinamletea nini, na mara nyingi atakujibu kwa neno moja: wanafunzi. Wanapanga vyumba, wanakula kwa mamantilie, wanapanda bodaboda. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Makala haya yanaeleza fedha za chuo huingiaje mjini, na wewe mkulima, mfugaji, mwenye nyumba au mwenye genge upite mlango gani, uende na nini na ulipe kwa utaratibu upi.

Kwanza, chuo cha umma ni kipi? Ni chuo kilichoanzishwa kwa sheria na kinachoendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za serikali, yaani kodi yako na yangu. SUA ilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo, baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 ikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka huohuo, mkoani humuhumu. Kampasi kuu iko kilomita kama tatu kutoka katikati ya mji, chini ya milima ya Uluguru. Nyingine, ya Solomon Mahlangu, iko Mazimbu, kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, waliyoyakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Ukielekea Mvomero unakutana na chuo kingine cha umma, Mzumbe. Mengi ya haya yanahusu chuo hicho pia, isipokuwa habari za udongo na mifugo.

Je, chuo kinaweza kubeba uchumi wa mji? Wazee wanaikumbuka Morogoro ya viwanda: maturubai, ngozi, viatu, mafuta ya kula. Kile cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kuuza hadi Ulaya, na hakikuwahi kufika huko. Viwanda vilipoyumba, mishahara ya chuo haikukoma. Mhadhiri, mpishi, mlinzi na fundi bomba wa chuo wanalipwa fedha inayotoka Hazina, na sehemu kubwa ya fedha hiyo wanaitumia hapahapa, sokoni kwa Chifu Kingalu na madukani.

Fedha ya pili ni bumu, ile posho ya chakula na malazi ambayo mwanafunzi hukopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake cha juu ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo kilikuwa 8,500. Haitolewi kila siku. Inakuja kwa mafungu, kila fungu la siku 60 hivi, kwa hiyo mwanafunzi mwenye kiwango kamili hupokea 600,000 kwa mkupuo. Chukua wanafunzi mia moja tu wa aina hiyo: ni shilingi milioni 60 zinazoingia mtaani ndani ya siku chache. Kama una genge karibu na chuo, hii ndiyo sababu wiki moja unauza hadi usiku na nyingine unarudi nyumbani na sufuria zimejaa.

Lakini fedha kuingia mjini si sawa na kubaki mjini. Mwanafunzi akila wali wa mchele wa Ifakara na mboga za Mgeta, shilingi yake imemlipa mamantilie, ikamlipa mwenye lori, ikamfikia mkulima, na wote hao ni watu wa mkoa huu. Akinunua viatu vilivyoletwa kutoka Kariakoo, faida ya muuzaji hubaki na sehemu kubwa hurudi Dar es Salaam. Kwa hiyo swali zito kuliko idadi ya wanafunzi ni hili: wewe unanunua wapi unachowauzia?

Ukitaka kuwauzia, panga biashara kwa kalenda ya chuo. Kwa kawaida vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba na mwaka wa masomo huisha Julai au Agosti, kukiwa na likizo katikati. Miezi ya chuo kufungwa ni mikavu, na mkopo wa benki wenye marejesho ya kila mwezi haujui likizo. Mwenye vyumba vya kupangisha naye asidai kodi ya mwaka mzima kama anavyomdai mfanyakazi. Mwanafunzi hulipa vizuri zaidi ukifuata mafungu ya bumu. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema kodi ni kiasi gani, umeme na maji analipa nani, na chumba kikae vipi wakati wa likizo. Ugomvi mwingi wa mageto huzaliwa na hilo la mwisho.

Muuza chakula anatakiwa kupimwa afya yeye na wasaidizi wake kila baada ya miezi sita. Afisa afya wa kata atakuelekeza pa kupimiwa. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa hiyo usimlipe mtu anayekwambia atakutafutia. Na kama mauzo yako ya mwaka hayazidi shilingi milioni nne, hudaiwi kodi ya mapato.

Je, chuo chenyewe kinanunua kwa watu wa kawaida? Kinanunua: vyakula, vifaa vya ofisini, huduma za usafi, matengenezo. Ila taasisi za umma hazinunui kwa kujuana mlangoni. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali, yaani maombi ya kuuza bidhaa au huduma kwa taasisi zake, hupitia mfumo wa mtandaoni unaoitwa NeST. Ili ujisajili unahitaji TIN, usajili wa biashara au kikundi, leseni, na akaunti ya benki. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Asilimia hiyo huwapita wengi kwa sababu hawana kikundi kilichosajiliwa. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyohuyo ndiye mlango wa mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mtaji na soko, ofisi moja.

Sasa tufike kwenye milango ambayo watu wengi wa mkoa huu hawaipiti, nami naona ndiyo yenye faida kubwa kuliko bumu. Tunaangalia mifuko ya wanafunzi, tunaziacha maabara.

Chukua udongo. Mkulima wa Mvomero au Kilosa ananunua mbolea aliyoshauriwa na muuzaji au jirani. Shamba likiwa na uchachu mwingi, yaani asidi, kirutubisho cha fosforasi hunaswa kwenye udongo na mmea haukipati, kwa hiyo hata mbolea ya ruzuku inageuka hasara. Maabara ya udongo ya SUA hupima uchachu huo pamoja na virutubisho vikuu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na wingi wa mboji. Uchachu husomwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambapo namba ndogo maana yake ni uchachu mkali. Ukikuta chini ya 5.5, uliza kuhusu chokaa ya kilimo kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea.

Kupima ni rahisi. Kinachoharibu majibu ni sampuli mbaya, yaani udongo uliochukuliwa ovyo. Pita shambani kwa mwendo wa kona kona, kutoka pembe moja hadi nyingine, ukisimama mahali 15 hivi. Kila ukisimama fyeka majani ya juu, chimba sentimita 20, na kata kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini ya shimo. Epuka kichuguu, njia ya miguu, ukingo wa shamba, chini ya mti, mahali palipolundikwa samadi au palipochomwa takataka. Weka vyote kwenye ndoo safi ya plastiki, si ya bati, na kamwe si mfuko uliokuwa na mbolea. Changanya vizuri, toa mawe na mizizi, kisha chukua kama kilo moja. Ianike kivulini, usiiweke juani wala kwenye moto. Andika kwenye karatasi jina lako, kijiji, ukubwa wa shamba, ulichopanda msimu uliopita na unachotaka kupanda. Kama shamba lina bonde na mlima, au udongo mwekundu huku na mweusi kule, hizo ni sampuli mbili. Fanya hivyo miezi miwili kabla ya mvua, si wiki ya kupanda, ili ubaki na muda wa kusoma majibu na kutafuta chokaa.

Malipo yanategemea idadi ya vipimo. Mweleze mtaalamu zao lako na uombe vile vinavyohusika tu, kisha omba ankara kabla ya kuacha sampuli. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya tarakimu 12, ile inayoitwa kontroo namba, nawe utalipa benki au kwa simu. Utaratibu ni huohuo kwa huduma nyingine zote za taasisi za umma. Anayekuomba pesa mkononi, mwombe namba.

Wafugaji wana hospitali ya mifugo ya chuo, ambako wanafunzi wa udaktari wa mifugo hujifunza chini ya walimu wao. Usiogope kwamba mnyama wako atakuwa wa kujifunzia. Mara nyingi atachunguzwa na macho mengi kuliko kwingine. Kuku wakianza kufa, peleka aliyetoka kufa siku hiyohiyo, ndani ya mfuko uliofungwa, na mmoja mgonjwa aliye hai. Taja chanjo walizopata na tarehe zake. Kuna jambo moja la kushika: ng'ombe aliyekufa ghafla na kutoka damu puani, mdomoni au nyuma usimchune, usimpasue, usimpeleke popote. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua watu pia. Mwite afisa mifugo wa kata aje alipo mzoga.

Mbegu je? Watafiti wa SUA wametoa aina kadhaa za maharage, kama SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa. Chuo pia kina bustani inayouza miche ya matunda. Kwa mche wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa shina la aina moja na tawi la aina nyingine ili uzae mapema, kagua kovu la maungio: liwe limefunga, na machipukizi chini yake yawe yameondolewa.

Mwenye biashara ndogo au shamba anaweza pia kupokea mwanafunzi wa fildi, mafunzo kwa vitendo ya wiki nane hivi wakati wa likizo ndefu. Wanufaika wa mkopo hupewa posho ya kipindi hicho na Bodi, kwa hiyo hulazimiki kumlipa mshahara. Andikia idara inayohusika ukieleza kazi uliyonayo. Ukimpata, kazi yako ni kumsimamia na kusaini daftari lake. Mwanafunzi wa uchumi wa kilimo anaweza kukupangia hesabu ambazo umeziahirisha miaka yote. Wahitimu wanaotaka kujiajiri wana ushirika wao, SUGECO, unaofundisha kilimo biashara.

Nisisahau panya. Shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limefanya kazi na SUA tangu mwaka 2000 kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu wa maabara huifanya kwa siku hadi nne. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kutumwa Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza, PDSA, mwaka 2020. Kwa uchumi wa mkoa, jambo la kutazama ni kwamba wanaowafundisha panya hao ni Watanzania wenye ajira hapa Morogoro, kwa fedha iliyotoka nje ya nchi. Utafiti nao huleta mishahara.

Kama huna uhakika uanzie wapi, subiri maonesho ya wakulima ya Nanenane. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, wataalamu wa SUA hukaa kwenye banda lao na kuulizwa bila malipo ya ushauri. Nenda siku za mwanzo, kwa sababu tarehe 8 umati haukuachi uongee. Beba jani lenye ugonjwa ndani ya karatasi, au picha ya shamba kwenye simu, na uondoke na jina la idara utakayoifuata. Na kama unaishi Katavi, huna haja ya kusafiri hadi Morogoro kwa kila swali: SUA ina Kampasi ya Mizengo Pinda katika Halmashauri ya Mpimbwe. Anzia hapo.