Mafunzo Niliyopata kwa Kusoma Vichwa vya Barua Pepe

Ninahudumia kompyuta za ofisi ndogondogo, na mara nyingi ninaitwa kwa sababu ya barua pepe yenye kutia shaka. Jina linaloonekana juu ya ujumbe huandikwa na mtumaji, naye anaweza kuandika jina lolote. Safari halisi ya ujumbe imo kwenye kichwa chake kamili, ambacho programu nyingi hukificha.

1. Kila programu ina njia yake. Katika Gmail, kwenye kompyuta, bofya nukta tatu zilizo kando ya kitufe cha kujibu, kisha chagua kuona ujumbe asilia. Katika Thunderbird, bonyeza Ctrl na U. Katika Outlook ya zamani ya kompyuta, fungua ujumbe kwenye dirisha lake, nenda File, halafu Properties. Kisanduku chenye kichwa hicho ni kidogo mno, kwa hiyo nakili maandishi yote uyabandike kwenye Notepad. Wanaotumia programu ya Mutt hubonyeza h, basi.

2. Mistari ya Received husomwa kutoka chini kwenda juu. Kila seva inayopokea ujumbe huweka mstari wake juu ya mingine, pamoja na saa. Tapeli anaweza kughushi mistari ya chini, lakini ule ulioandikwa na seva yako hawezi kuugusa. Saa nazo zina faida: niliwahi kuona karani akilaumiwa kwa kuchelewesha zabuni, kumbe ujumbe wake ulikwama kwenye seva ya katikati.

3. Linganisha From (anwani ya mtumaji) na Reply-To (anwani ambako jibu litakwenda). Hapa ndipo pesa zinapopotea. Ofisi moja ililetewa ankara yenye akaunti mpya ya benki. Anwani ya From ilikuwa ya msambazaji wao kabisa, ila Reply-To ilikuwa na herufi moja ya ziada. Mhasibu angejibu ili kuuliza, angethibitishiwa na tapeli yuleyule. Return-Path (anwani ya kurudishia ujumbe usiofika) ikitofautiana na From, usiogope papo hapo, kwani huduma halali za kutuma barua kwa wingi hufanya hivyo.

4. Kichwani pia kuna matokeo ya ukaguzi wa mtumaji: SPF, DKIM na DMARC zikiandikwa "pass", maana yake ni kwamba kikoa kilichotajwa kimethibitishwa. Hazisemi kwamba mwenye kikoa ni mwaminifu. Tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe hupita zote tatu.

5. Ujumbe wa Usenet (mtandao wa makundi ya majadiliano) una kichwa cha aina hiyohiyo, na Thunderbird hukifungua kwa Ctrl na U vilevile. Tofauti ni mstari wa Path: majina ya seva hutenganishwa kwa alama ya mshangao, na safari husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

6. Ukiusambaza ujumbe kwa njia ya kawaida, kichwa cha awali hakifiki. Mtumie fundi wako ujumbe huo kama kiambatisho.

Na akaunti ya malipo ikibadilika, mpigie msambazaji kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo, kabla hujalipa hata shilingi.