Ujasiri Usiotaka Watazamaji

Jumamosi iliyopita tulijazana watu saba chumbani kutazama The Big Country, filamu ya Marekani ya mwaka 1958 iliyoongozwa na William Wyler. Wenzangu walisubiri risasi. Mimi nilikuwa na langu moyoni: wiki moja kabla nilikataa kupigana na mwenzetu mmoja uwanjani, na tangu siku hiyo naitwa mwoga.

Filamu inahusu koo mbili za wafugaji, ya Meja Terrill na ya mzee Rufus Hannassey. Zinagombea maji ya Big Muddy, na shamba lenyewe wala si lao. Ni la mwalimu Julie Maragon, anayewaruhusu wote wanyweshe ng'ombe wao. Sasa jiulize, kama maji yapo kwa wote, vita ya nini? Maji ni kisingizio tu. Wazee wawili wanachukiana, basi.

Anaingia James McKay (Gregory Peck), nahodha wa meli aliyekuja kumwoa binti wa Meja. Anatakiwa ampande Old Thunder, farasi mkorofi, mbele ya watu. Anakataa, na wanamwona mwoga. Watu wakishaondoka anamtoa farasi yule, anaangushwa, anapanda tena, mpaka anamshinda. Shahidi ni Ramon peke yake, naye anaombwa anyamaze. Hata Steve Leech, msimamizi wa Meja, anapigana naye gizani, bila mtazamaji. Wakiwa hoi wote wawili, McKay anamuuliza ngumi zote zile zimethibitisha nini.

Wazee wao hawajiulizi. Rufus anamuua Buck, mwanawe wa kumzaa, kisha yeye na Meja wanakutana bondeni wawili tu, wanauana. Maji yanabaki palepale.

Jamani, nilitaka sana kusema mimi ndiye McKay. Lakini yeye hakukataa kwa hofu, na mimi siku ile miguu ilitetemeka. Kukataa ugomvi ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kumkabili farasi wako watu wakishaondoka.

Jumapili jioni nikaenda peke yangu kugonga mlango wa yule mwenzetu. Alifungua, akanitazama, akasogea nipite. Tulichozungumza ni chetu wawili.