Punje za Kusafisha Maji: Zisipokuwa Imara Hurudisha Sumu



Katika ziara za Shanwe tumeulizwa zaidi ya mara moja kama punje za kitosani zinaweza kuondoa zebaki kwenye maji yanayotoka sehemu za kuoshea dhahabu. Kunasa zinanasa, hata madini ya risasi. Lakini kabla ya kuandika andiko la mradi, tuelewe kwanza udhaifu wake.

Kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa. Maganda huondolewa chokaa kwa asidi, kisha huchemshwa katika soda kali. Unga unaopatikana huyeyushwa kwenye asidi hafifu kama siki. Ukidondoshwa tone kwa tone ndani ya maji ya soda, kila tone huganda na kuwa punje.

Hapo ndipo penye tatizo. Kilichoyeyuka kwenye siki kinaweza kuyeyuka tena kikikutana na asidi. Na mawe yenye salfa yakishachimbwa, yakapata hewa na maji, hutoa asidi. Punje iliyokwisha kunasa zebaki ikiyeyuka, sumu iliyokusanywa kwa miezi hurudi mtoni kwa mkupuo. Afadhali isingewekwa.

Dawa iliyozoeleka ni kuzifunga nyuzi za kitosani zenyewe kwa zenyewe kwa kemikali, mara nyingi glutaraldehaidi. Punje iliyofungwa vizuri haiyeyuki katika asidi. Ila kemikali hiyo hushika sehemu zile zile za naitrojeni ambazo zingenasa zebaki. Ukizidisha, unapata punje ngumu isiyonasa kitu. Tena yenyewe ni sumu, hivyo punje lazima zisuuzwe mara nyingi. Wengine huchanganya udongo laini wa mfinyanzi. Huo husaidia punje zisipondeke, lakini peke yake hauzuii kuyeyuka.

Kwa hiyo mtaalamu akileta punje, kamati isiridhike na maji meupe ndani ya chupa. Punje kavu zipimwe uzito, ziloweshwe kwenye siki siku nzima, zisuuzwe, zikaushwe, zipimwe tena. Nyingine zitikiswe pamoja na mchanga. Uzito ukipungua sana au siki ikiwa nzito kama uji mwembamba, zirudishwe kwa mwenyewe.

Liulizwe pia swali la mwisho: punje zikishajaa zebaki zitapelekwa wapi? Kuzichoma ni kupeleka zebaki hewani, na kuzifukia karibu na kisima ndiyo yale yale. Maandiko yaliyofika mezani kwangu hayana mstari wa bajeti kwa kazi hiyo.