SOMO: Binti Amesoma Sayansi, Je, Atadumu Kazini?



Mahindi ya haibridi 611 yalitoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964. Wakulima wa Bungoma nao wanajua faida ya kazi ya watafiti. Lakini mwaka 2008, kati ya watafiti wanne wa kilimo Afrika, mwanamke alikuwa mmoja tu. Kati ya wakubwa wao saba, mmoja.

Shida sio akili. Miaka ya kutafuta shahada ya juu na kupanda cheo ndiyo miaka ya kuzaa. Mtoto akiugua, nani anaomba ruhusa? Bwana akihamishwa, nani anaacha kazi? Mara nyingi ni mama.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo na mshahara, baba wiki mbili. Baada ya hapo, msaada ni sisi.

Tujadiliane:
1. Binti yetu akipata kazi ya utafiti, nani atamsaidia kulea?
2. Mke akipata masomo mbali, mume atafanya nini nyumbani?
3. Kikundi chetu kitaanza na jambo gani mwezi huu?