Somo: Wazigua Waliorudi Handeni Kutoka Somalia



Wengi wenu mmepita Korogwe kuelekea Handeni. Wilayani Handeni iko Chogo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2003 kwa wakimbizi kutoka Somalia. Wengi wao ni Wazigua, yaani wana wa nchi hii hii. Katika somo hili tunaangalia historia yao na maisha yao.

Walifikaje Somalia?
Miaka ya 1830 Uzigua ilikumbwa na ukame na njaa. Wazee wanasimulia kwamba watu waliahidiwa kazi na chakula, wakapandishwa majahazi, na walipofika Somalia wakauzwa. Baadaye kundi moja lilitoroka likiongozwa na mwanamke, Wanakhucha. Walikusudia kurudi kwao kwa miguu, lakini waliishia kwenye misitu ya mto Juba.

Maisha yao ya kila siku
Kati ya Wasomali wafugaji, wao walibaki watu wa jembe. Walifyeka msitu na kupanda mahindi, maharage na ufuta, pengine kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko ya mto. Wengi walisilimu na kujifunza Kisomali. Hata hivyo nyumbani walisema Kizigua, wakatunza koo na ngoma zao.

Kurudi
Vita vya mwaka 1991 viliwaacha bila ulinzi, na chakula chao kikaporwa. Wengi walikimbilia Kenya, na maelfu kati yao wakahamishiwa Marekani. Wengine walikuja Tanzania, wakapokelewa Mkuyu, Handeni, kisha Chogo. Mwaka 2009 baadhi yao walikabidhiwa uraia wa Tanzania.

Tunajifunza nini?
Mkimbizi anapofika, sisi watu wa miradi huandika anachokosa: blanketi, unga, maji. Hawa walikuja na kitu kisichomo kwenye orodha zetu: lugha iliyodumu zaidi ya miaka 150. Kwa lugha hiyo wenyeji waliweza kuwatambua kuwa ndugu.

Lakini undugu pekee haushibishi. Waliozoea mto mkubwa sasa wanategemea mvua za Handeni, ambazo hukatika mara kwa mara. Uraia bila shamba wala maji ni karatasi tu.

Maswali ya kujadili
1. Katika mtaa wetu, nani bado anaitwa mgeni, na kwa nini?
2. Kabla ya kupanga mradi, je, tunawauliza watu wanajua nini?
3. Ardhi na maji vinapogawanywa, nani huwasemea waliofika mwisho?